Maji ya Kwanza

Kidole cha Guylain bado kiko hewani, msomaji. Hakijashuka tangu gazeti la Jumamosi iliyopita. Kimeelekea juu, kwenye gutiere ya Charline Kahindo, ule mfereji wa bati unaopokea maji ya paa na kuyapeleka tangini. Ila hii haikuelekea tangini. Ilikuwa imegeuzwa, mdomo wake umevuka ukuta na unachungulia kiwanja cha jirani.

Chini ya mdomo huo ndipo ilipokuwa nyumba ya Émérance. Ukuta wa nyuma umelala chali, mabati yameulalia ukuta, na kitanda kimelaliwa na vyote viwili.

"Nani aligeuza hii gutiere?" Guylain aliuliza mara ya pili.

Hakuwa polisi, ingawa aliuliza kama mmoja wao. Alikuwa mkaguzi wa Kinga, kampuni ya bima, ametumwa mtaa wa Mapendo kutazama jinsi dhoruba ilivyoiangusha nyumba ya mteja wao. Alikuja na viatu vyeupe. Anayekuja Goma baada ya mvua na viatu vyeupe hajifunzi kwa kuambiwa.

Charline alijua jibu. Tulikuwa naye pale juu ya stuli, wiki mbili zilizopita, tukamwona akiifunga gutiere ile kwa kipande cha mpira wa tairi. Wewe unajua, mimi najua. Guylain ndiye asiyejua.

"Sijui," Charline akasema.

Neno lilimtoka kabla hajakata shauri kulisema. Alitaka kulirudisha, akakosa pa kulishikia.

"Ni upepo," Émérance alidakia. "Papa Guylain, ile siku upepo ulikuwa mukali sana. Ulitoa mabati ya watu, ulitupa kuku wangu mupaka ku barabara. Kweli gutiere ndiyo ingeushinda?"

"Upepo haufungake fundo, mama."

Guylain alikuwa akikitazama kile kipande cha mpira. Kilifungwa vizuri, kikakazwa, kama mtu anavyokaza gunia la makaa juu ya chukudu, ule mkokoteni wa mbao. Charline alihisi masikio yakimwaka moto.

"Musikilize vizuri," Guylain aliendelea. "Kontra ya mama Émérance, karatasi yenye alisaini na sisi, inalipa dhoruba. Upepo ukifungua paa, mvua ikaingia, Kinga inalipa. Lakini maji ikitoka ku parseli ya jirani, ikakula ukuta kutokea chini, ile haiko dhoruba. Ile ni maji ya mutu. Kinga hailipake maji ya mutu."

"Hata kama nyumba imeanguka yote?" Émérance aliuliza.

"Hata kama imeanguka na kanisa."

Akapiga picha ya fundo, akapiga ya ukuta, akaondoka akiruka madimbwi kama mbuzi.

Sasa tazama akili ya mtu mwenye hatia inavyofanya kazi. Charline alibaki pale, moyo unamdunda, na humo humo katika kudunda akapata faraja. Kumbe nikisema ukweli, Émérance halipwi! Kumbe nikinyamaza, namsaidia! Aliivaa sababu hiyo kama kitenge kipya, akajizungusha nayo, akaona imemkaa. Na kwa kweli ilimkaa vizuri. Ila ilikuwa inambana kifuani.

Kwa ambaye leo ndiyo mara yake ya kwanza kukaa nasi, nitasema kwa haraka.

Wiki ile ya dhoruba volkano ilikuwa imetema majivu, na mabati ya Mapendo yote yaligeuka kijivu. Kila mama wa Goma anajua la kufanya. Mvua ikianza, unatoka mbio, unaigeuza gutiere iache tangi, maji ya kwanza yaoshe paa na kumwagika nje. Maji hayo ni machungu, yanaharibu chai na tumbo. Paa likishatakata, unatoka tena, unairudisha gutiere mahali pake, na tangi linapokea maji safi.

Siku zote Charline alimwaga maji yake ya kwanza kichochoroni. Lakini siku ile kichochoroni palikuwa na mchanga wa fundi, mchanga wa kumjengea kibanda chake cha vitenge, na hakutaka uende na maji. Akageuza upande wa Émérance. Kidogo tu, alijiambia. Akafunga mpira, akashuka, na simu ikalia. Wenzake wa kwaya walikuwa wakimngoja parokiani, askofu anakuja, sauti ya pili haina mtu.

Akaenda. Akaimba. Mvua iligeuka dhoruba juu ya kanisa, na yeye akapandisha sauti ili asishindwe na ngurumo. Hakuikumbuka gutiere hata mara moja.

Ardhi yetu ni mawe ya volkano, yana mapengo kama meno ya mzee. Émérance alikuwa ameyajaza udongo kabla ya kujenga. Maji ya paa zima la Charline yalishuka mahali pamoja, yakaula udongo ule, na ukuta ukakosa pa kusimama. Ulianguka kitandani. Émérance alikuwa ametoka wakati huo huo kumsindikiza mama yake chooni, na ndiyo maana leo tuna hadithi na si matanga.

Sasa tuendelee.

Je, unajua Émérance na mama yake walikuwa wakilala wapi tangu siku ile? Kwa Charline. Sebuleni kwa Charline, kwenye godoro la Charline, chini ya blanketi la Charline.

Ni Charline mwenyewe aliyewaleta. Alimshika Émérance mkono katikati ya matope, akamwambia, "Muje kwangu, ndugu yangu, kwangu ni kwenu." Majirani walilia kwa huruma. Walimsifu mbele ya padri. Yeye aliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Kila asubuhi Émérance alianza siku kwa shukrani.

"Aksanti, Charline. Mungu akuone."

"Acha, ndugu yangu."

"Siachi. Kama haiko weye, tungelala wapi? Mie na hii mama muzee?"

Aliyasema haya jikoni, aliyasema uani, aliyasema kwenye foleni ya maji mbele ya wamama wote wenye vibidoni. Alifagia, alipika sombe ya majani ya muhogo, na nyama akiipata aliitia kwenye sahani ya Charline. Mama yake, Mukashyaka, bibi wa Masisi aliyekimbia vita mara nyingi kuliko alivyobadili nguo, alikuwa akimwekea Charline mkono kichwani na kumbariki kwa lugha ya kwao.

Charline aliona aibu ya kufa. Shukrani zile zilimchoma kuliko matusi. Angetukanwa angejibu, angepigwa angelia, lakini mtu anayekushukuru unamfanyaje? Alianza kuamka mapema ili asizikute. Émérance naye akaanza kuamka mapema zaidi.

Nyumba ile iliyoanguka haikuwa nyumba tu. Émérance alishaishi chini ya hema kambini Kanyaruchinya, akapanga chumba Munigi, akauza maziwa ya kununua na kuuza tena, akakopa kwenye koperative, akajenga. Siku alipoweka mlango alimwita Charline aje aufungue kwanza, apate kuona ulivyo mzuri. Charline aliufungua na kuufunga mpaka wote wawili wakacheka.

Ijumaa Cyprien alirudi. Huyu ni mume wa Charline, mfanyabiashara wa maharage, ambaye siku hizi akienda Butembo huzungukia Uganda kwa sababu ya usalama wa barabara, na hurudi na vumbi la nchi mbili. Aliwakuta wageni sebuleni, akawasalimia kwa furaha, akamsifu mkewe kwa moyo wake mwema.

Hapo Charline hakuweza kuvumilia tena. Alimvuta mumewe nyuma ya tangi, akamwaga yote.

Cyprien alisikiliza mdomo wazi. Mkewe alipomaliza, aliuliza swali moja.

"Umesemea nani?"

"Weye tu."

"Basi imeishia hapa."

"Papa, siwezi. Ananishukuru kila siku."

"Apokee uji, ashukuru, tuendelee. Mama, unajua unachosema? Ukifungua kinywa, ni sisi tutamujengea ile nyumba. Na tutaijenga na nini? Tutauza hii kwenye tunasimama. Watoto wetu watalala wapi? Kanyaruchinya?"

"Na Émérance?"

"Asiransi, ile Kinga, itamujengea. Si ndiyo kazi yake?"

Kitenge kipya cha sababu cha Charline kilikuwa kimepata sasa mtu wa kukisifia. Lakini usiku hakula, na mumewe aliona.

Jumatatu mchana Guylain alirudi. Safari hii kwa viatu vyeusi.

Aliingia sebuleni bila tabasamu, akakataa kiti, kisha akakikubali. Émérance alikaa mbele yake kwenye godoro lililokunjwa. Mukashyaka alikaa pembeni na rozari. Charline alileta chai, na Cyprien akasimama mlangoni, bega kwenye fremu, macho kwa mkewe.

"Mama Émérance," Guylain alianza, "niko na habari mubaya."

"Sema, papa."

"Nilipeleka picha ku ofisi. Wakubwa wameona lile fundo. Wanasema mutu aligeuza maji kwa mukono. Sasa wanajiuliza, ni nani anapata faida ile ukuta ikianguka?" Alitazama viatu vyake. "Wanasema ni weye."

"Mie?"

"Wanasema ukuta ilikuwa imeshapasuka. Wanasema ulitafuta maji ya jirani ili ikuangushie, asiransi ikujengee mupya. Kontra yako itavunjwa. Dosie inaenda tribunali, mbele ya jaji. Na koperative imeshajua, ile yenye ilikukopesha. Itachukua parseli."

Mukashyaka alimuuliza binti yake jambo kwa sauti ndogo, kwa lugha yao. Alitaka kujua mgeni amesema nini. Émérance alimpapasa goti tu, hakumtafsiria.

"Sikufanya, papa Guylain," Émérance alisema. "Mungu anajua."

"Mungu si shahidi wa ofisi, mama. Iko mutu mwingine?"

Mlangoni Cyprien alikohoa. Kikohozi kile hakikutoka kifuani, kilitoka kwenye mkutano wa nyuma ya tangi. Charline alikielewa vizuri sana.

Lakini ile sababu yake, ile nguo iliyomkaa vizuri, ilikuwa imepasuka katikati ya mgongo. Kunyamaza kulikuwa hakumsaidii tena Émérance. Kunyamaza kulikuwa kunampeleka gerezani.

"Ni mie," Charline akasema.

"Mama yuko na maralia," Cyprien aliwahi. "Tangu jana anaongea ovyo. Usimusikilize."

"Siko na maralia! Ni mie nilipanda ku stuli. Ni mie nilifunga ule mupira. Nilikuwa naosha bati, maji ya kwanza, kama kila mutu. Nilikuwa na mchanga yangu mu kichochoro, nikaionea huruma. Mchanga! Nikaenda kuimba. Nikasahau." Sauti ilimkatika. "Nikasahau, Émérance. Sikutaka. Nisamehe, ndugu yangu, ni mie nilikubomolea nyumba."

Alitegemea kelele. Alitegemea kofi. Émérance aliangalia sakafu, mikono kwenye mapaja, kana kwamba ameambiwa tu chai imepoa.

Aliyeshtuka ni Guylain. Alimtazama Charline, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama Charline, weye pia uko na kontra na sisi. Sivyo?"

"Ndiyo. Tulisaini siku moja na Émérance. Ajenti wenu alikuja ku paroisi baada ya misa."

"Na ile kontra inalipa nini?"

Charline alimtazama mumewe, mumewe akatazama dari.

"Volkano," Cyprien alijibu.

Guylain alicheka kicheko kikavu. "Kila mutu wa Goma anasema vile. Ajenti akisema asiransi ya nyumba, watu wanaangalia ku mulima, wanasaini. Hakuna mwenye anauliza tena. Papa, volkano ndiyo kitu ya kwanza yenye hatulipake."

"Haa!" Cyprien alitoka mlangoni. "Sasa tunawalipa ya nini miaka yote?"

"Moto wa jikoni. Mwizi. Upepo. Na kitu ingine." Guylain aligeuka kwa Charline, na sauti yake ikashuka. "Ukiharibia jirani bila kukusudia, kwa kusahau, kwa bahati mubaya, haiko weye unamujengea. Ni sisi. Maji ya mutu hatulipe kwa kontra ya mwenye amebomokewa. Tunalipa kwa kontra ya mwenye maji."

Charline alisikia maneno, lakini yalichukua muda kufika.

"Unasema..."

"Nasema kontra yako ingemujengea mama Émérance nyumba yote. Ukuta, bati, kitanda."

Msomaji, kama uliwahi kuona mtu amefunguliwa kamba shingoni, ndivyo Charline alivyovuta pumzi. Alipiga magoti pale pale, akashika mikono ya Émérance. Cyprien alianza kucheka peke yake na kumpigapiga Guylain begani, ghafla amekuwa rafiki yake wa utotoni.

"Basi mujenge!" Charline alilia. "Mujenge, papa! Kesho! Hata leo!"

Guylain hakucheka.

"Iko sharti moja, mama."

"Gani?"

"Mwenye kontra asimudanganye mukaguzi. Akidanganya, kontra inakufa siku ile ile. Na mie nilikuuliza. Tulikuwa tumesimama pale chini ya gutiere, nikakuuliza nani aliigeuza. Mara mbili. Ulinijibu nini?"

Charline aliachia mikono ya Émérance.

Hakuhitaji kukumbushwa. Sijui. Neno lile moja. Angesema ndiyo, angesema ni mie, nisameheni, leo mafundi wangekuwa wanachanganya simenti ng'ambo ya ukuta. Gutiere ilikuwa bahati mbaya, na bahati mbaya ina mtu wa kuilipia. Uongo hauna. Nyumba ya Émérance ilibomolewa mara ya kwanza na maji, na mara ya pili na ulimi wake, akiwa macho makavu, mchana kweupe, hakuna simu inayolia wala kwaya inayomngoja.

Alitaka ardhi ifunguke. Ardhi ya Goma, ambayo hufunguka bila kuombwa, siku hiyo ilikaa imara.

Ni Cyprien aliyepata akili kwanza, na akili yake ilikuwa ya sokoni.

"Papa Guylain. Ile siku, nani alisikia?"

Guylain alikunywa chai iliyopoa, akaweka kikombe.

"Nilipeleka picha tu. Maneno ya jirani bado sijapeleka."

"Nani alisikia?"

"Mie. Na mama Émérance."

Kila mmoja sebuleni pale alielewa kilichokuwa kikipita, isipokuwa Mukashyaka na rozari yake.

"Mama yangu alikufa chini ya hema," Guylain alisema, kama mtu anayejisemea. "Sipendi kurudisha mutu kule. Naweza kuandika kama ile siku mama Charline alisema ndiyo, ni mie niligeuza. Dosie ya mama Émérance inafungwa, koperative inanyamaza, nyumba inajengwa. Lakini wakubwa watamuita mama Émérance. Watamuuliza alisikia nini. Na akisema ingine, mie nafukuzwa kazi, na nyote munabaki na mawe yenu."

Wote wakamgeukia Émérance.

Ndipo alipoinua uso. Hakuwa na machozi, wala hasira ambayo Charline angeweza kuishika.

"Charline," alisema taratibu, "ile siku nilikuona."

"Uliniona wapi?"

"Juu ya stuli. Nilikuwa mu dirisha yangu, nafunga pazia. Nilikuona unafunga ule mupira."

"Sasa mbona haukunipigia kelele?"

"Kelele ya nini? Kila mutu anageuza, halafu anarudi. Nikasema, ni maji ya kwanza, atarudi. Ni Charline. Hawezi kusahau kama mie niko hapa chini."

"Na upepo? Ulimwambia papa Guylain ni upepo!"

"Nilikuona unakosa kupumua. Nikakupatia wakati." Sauti yake ilianza kutetemeka, kidogo tu. "Nikakuja kulala kwako. Kila asubuhi nilikushukuru. Nilikushukuru mbele ya watu ku maji, mbele ya padri. Unafikiri sikuwa na aibu? Nilikuwa nasema mu moyo, leo atasema. Nikimushukuru leo hatavumilia, atasema. Sikutaka nyumba, Charline. Nilitaka useme. Ukanyamaza. Mupaka wamekuja kunifunga."

Shukrani zote zilimrudia Charline kwa mara moja. Za jikoni, za uani, za foleni ya maji, nyama zilizotiwa kwenye sahani yake. Hakuna hata moja iliyokuwa shukrani. Kila moja ilikuwa mlango aliofunguliwa, na kila asubuhi aliupita akaenda zake.

Alilia kwa sauti, bila kujificha. Mukashyaka aliinuka kwa shida, akaja, akamwekea mkono kichwani kama kawaida yake. Charline aliukimbia mkono ule.

"Mama Émérance," Guylain alisema, "samahani. Lazima niende na jibu. Mama Charline alisema ndiyo, ao alisema sijui?"

Émérance alisimama. Alikaza kitenge kiunoni, akakunja blanketi, akaliweka juu ya godoro vizuri, kona kwa kona.

"Muulize yeye," alisema. "Ile siku nilimujibia mie, na haikutusaidia. Chenye atasema leo, ndicho nitasema mbele ya wakubwa wako."

"Mama, sema ndiyo!" Cyprien alimnong'oneza mkewe, akipiga magoti karibu naye. "Ni neno moja. Ni ya kumusaidia yeye! Sema!"

Guylain alifungua kalamu.

"Mama Charline. Ile siku nilikuuliza nani aligeuza gutiere. Ulinijibu nini?"

Akidanganya, Émérance anapata nyumba. Akisema kweli, Émérance na mama yake wanaanza upya chini ya hema, na huo ndio ukweli ambao rafiki yake aliungoja asubuhi zote zile. Charline alifuta macho, akainua uso kumtazama Émérance, amsome anataka lipi kati ya mawili.

Émérance alikuwa amefumba macho.